Betri Niliyoipeleka Matangani

Tarehe kumi na nne mwezi wa tano, siku ya Jumanne, nilimpoteza mama. Alikuwa ameumwa kifua wiki mbili. Mke wangu alikwenda asubuhi kumgeuza ubavu akamkuta ameshakwenda. Nimeulizwa mara nyingi nilikuwa wapi siku ya kumzika, na kila mara nimejibu kwa kifupi. Hapa naandika yote.

Kwetu ni Mella, upande wa Tororo, chini bondeni. Ukitembea nusu saa unafika mpakani. Simu kwetu ni shida. Mnara wa Uganda uko mbali na miinuko inauzuia. Unaoshika ni wa Kenya, na ukishikwa na huo simu inakuhesabu kwamba umesafiri, salio linakwisha kabla hujamaliza salamu. Kampuni moja ya intaneti kutoka mjini ilipokuja kutafuta mahali pa kuweka ripita, watu wa bonde walifurahi.

Ripita yenyewe ni kitu kidogo. Kwenye mwamba ulio nyuma ya shamba letu walisimamisha bomba la chuma wakafunga madishi mawili. Moja linatazama mjini, linapokea. La pili linatazama bondeni, linawarushia wateja. Chini kuna sola mbili na sanduku la bati lenye betri mbili. Umeme mwingine hakuna. Jua likiwaka betri zinajaa, jua likizama zinatoa.

Shule niliiachia darasa la saba. Walinichagua kwa sababu ninakaa karibu na mwamba, si kwa kitu kingine. Fundi wa kampuni alinifundisha siku mbili: kupangusa sola mavi ya ndege, kufyeka nyasi, kuwafukuza nyigu wanaojenga sandukuni, na kuangalia taa tatu. Taa ya kwanza inasema betri zina nguvu. Ya pili inasema ripita imeamka. Ya tatu inasema imeuona mnara wa mjini. Hiyo ya tatu isipowaka, zahanati, shule na nyumba zote za bondeni zilizounganishwa hazina kitu. Kuna jambo alilirudia mpaka nikachoka kulisikia: betri ni mbili kwa ajili ya siku za mawingu. Usiziguse.

Dada yangu, mtoto wa kwanza wa mama, anafanya kazi za ndani Uarabuni, mwaka wa nne sasa. Simu yake inakaa kwa tajiri wake. Jioni anaruhusiwa kusoma ujumbe na kujibu, basi. Ijumaa anapewa simu saa nzima, kuanzia saa saba mchana hadi saa nane, aongee na watu wake. Kila Ijumaa mama alikuwa akikaa kwenye kizingiti cha jiko na simu yangu mkononi, ameishika mbali na uso kama mtu anayesoma barua, na wakawa wanaongea habari za kuku na za magoti yake. Hayo yalipitia kwenye ile ripita.

Nilimtumia dada ujumbe wa msiba siku hiyohiyo. Jioni alijibu kwa sauti. Alikuwa ananong'ona.

"Msimfunike kabla sijamwona uso. Ijumaa, saa yangu. Nakuomba, ndugu yangu."

Baba mdogo, ambaye ndiye aliyesimama mahali pa baba, alikubali mazishi yawe Ijumaa saa saba. Hakukubali kwa huruma tu. Katika ukoo wetu mtoto wa kwanza ndiye anayemwachia maiti njia. Anasimama upande wa kichwa, anamtazama, anasema maneno yake, kisha anatupa udongo wa kwanza. Akiwa mbali, mtu anaweza kumtupia udongo, lakini maneno lazima yatoke kinywani mwake mwenyewe. Wazee wanasema asipofanya hivyo, aliyekufa anaendelea kumngoja. Sijui kama ninaamini. Dada anaamini, na mama aliamini.

Sasa nifike kwenye betri.

Msiba kwetu hauna kadi ya mwaliko. Kila mtu analeta alicho nacho bila kuombwa: huyu kuni, yule sufuria kubwa, mwingine turubai, kanisa linatoa viti. Mwenye kitu akakificha, watu wanamkumbuka. Jioni ile ya kwanza mama alikuwa sebuleni na mshumaa mmoja. Nje watu walikuwa wanamulikana kwa simu.

Jirani mmoja, mwenye boda boda, tuliyekua pamoja, alisema kwa sauti ya kusikika, "Huyu bwana anawashia dunia nzima intaneti. Mama yake nalala na mshumaa."

Watu walicheka, jinsi watu wanavyocheka matangani. Hata mimi nilicheka. Halafu nikachukua spana, nikapanda mwambani kwa mwanga wa simu, nikafungua sanduku, nikatoa betri moja.

Hakuna aliyenituma. Nilipiga hesabu kwamba moja ingeitosha ripita, na kwamba Ijumaa asubuhi ningerudisha ya pili. Betri ile iliwasha taa nne, na kwaya ikaleta spika. Spika ilikuwa kubwa kuliko nilivyofikiri. Lakini mama alilala kwenye mwanga, na sitasema uongo, nilijisikia vizuri nilipowaona watu wanaingia sebuleni na kumwona uso.

Jumatano mawingu yalitanda. Alhamisi vilevile, na mvua. Usiku wa Alhamisi taa zikafifia katikati ya nyimbo, zikazimika. Ijumaa asubuhi nilipanda mwambani. Sandukuni hakuna taa hata moja.

Juu ya mwamba simu za kawaida zinapita, na yangu ililia papo hapo. Alikuwa fundi wa mjini.

"Ripita yako imezima tangu usiku. Kuna nini?"

"Mawingu, bosi. Siku mbili hatujaona jua."

"Betri mbili zinavuka siku nne bila jua."

Nilitazama nafasi tupu sandukuni.

"Ziko mbili?"

"Ziko," nilisema.

Zilikuwepo kweli, moja sandukuni na moja chini ya meza ya mama, zote zimekufa. Nilijua jibu langu ni uongo hata kabla halijatoka.

"Basi kuna iliyoharibika," alisema. "Leo niko Nagongera mpaka jioni. Nitakuja Jumatatu na nyingine."

Alikuwa na betri ya akiba kwenye gari, alikuja kuniambia baadaye. Kutoka Nagongera angefika kwa wakati. Ningemwambia tu: nimefiwa, nimetoa betri, nisaidie. Niliogopa kazi. Jambo hilo nimeliwaza kuliko kifo chenyewe.

Nilishuka nikamtafuta yule jirani wa boda. Nilimweleza yote, pamoja na saa ya dada.

"Kwa hiyo ni mimi nimekuchokoza," alisema.

"Ni mimi niliyepanda."

Alikuna kichwa. "Betri ya pikipiki ni kadogo, hawezi. Malaba iko na malori. Lori moja iko na betri mbili kubwa. Twende."

Saa tano tulikuwa Malaba, mpakani. Foleni ya malori ilikuwa imetoka kwenye geti hadi huko nyuma, madereva wamelala chini ya matela au wanapika chai pembeni ya matairi. Nilikuwa nimeshavaa suruali nyeusi ya mazishi na shati jeupe, nikawa natembea lori kwa lori nikiomba betri. Wa kwanza alidhani ninauza. Wa pili alinifukuza. Wa tatu aliniuliza kama nimelewa, nikasema hapana, akasema ningekuwa nimelewa angenielewa.

Wa nne alikuwa Mkenya, mtu mzima mwenye mvi, anajinyoa kwenye kioo cha mlango.

"Betri ya nini?" aliuliza bila kugeuka.

Nilimwambia. Ripita, mwamba, dada, saa saba. Niliongea haraka sana, akanizuia kwa wembe.

"Buda, pole pole. Nani amekufa?"

"Mama."

"Na siz yako yuko Arabuni."

"Ndiyo."

"Na wewe ndiyo ulitoa betri."

"Ni mimi."

Alipangusa povu. "Hii foleni ikisonga na lori yangu haina moto, hawa watu wa nyuma watanila mbichi. Unajua hiyo?"

"Najua."

"Hapa hawasongi kabla ya saa tisa. Lakini saa tisa si saa tisa na dakika moja." Alimwangalia jirani yangu. "Wewe wa boda, nipatie namba yako. Huyu ako na machozi, sitaki namba ya mtu ako na machozi."

Jirani alimpa. Dereva akachukua spana, akapanda upande wa chasi, akaanza kulegeza. Ile betri ilikuwa nzito kama mtoto wa miaka minne. Aliniwekea mikononi akasema nisiiinamishe, ina maji.

Niliiinamisha. Barabara ya kwenda kwetu baada ya mvua haina njia nyingine. Nilikuwa nimeipakata, jirani anakwepa madimbwi, na kila tulipoteleza nilisikia ubaridi pajani, kisha muwasho. Tulianguka mara moja, polepole, ubavu, na nikakubali goti liumie ili betri ibaki juu.

"Imevunjika?" jirani aliuliza akiwa bado chini ya pikipiki.

"Haijavunjika."

"Mimi je, huniulizi?"

"Umevunjika?"

"Hapana. Panda."

Tulipofika chini ya mwamba ilikuwa saa saba na dakika ishirini. Saa ya dada ilikuwa imeshaanza kuliwa. Nilimwambia jirani akimbie nyumbani awaambie wangoje, na amwambie mke wangu ashike simu tayari. Simu ya mke wangu, kama yangu, inapata intaneti kwenye kidishi kidogo cha paani kwetu, kinachopokea kutoka ripita. Mimi nikapanda na betri begani.

Hapo ndipo nilipoona kosa jingine. Betri za ripita zina skrubu juu, na nyaya zake zina vipete vya kuvalisha kwenye skrubu. Betri ya lori ina vichwa vinene vya risasi, laini, bila skrubu. Vile vibanio vyake vilibaki Malaba kwenye lori. Vipete vyangu havikuingia. Nilikuwa na ukanda mmoja wa mpira wa tairi, ule wa kufungia mizigo, niliouvuta kwenye pikipiki nikishuka. Niliufunga waya mmoja kwenye kichwa cha betri, nikauzungusha mpaka ukakaa. Wa pili sikuwa na cha kuufungia. Nikaubana kwa mkono. Ulitoa cheche, halafu taa ya kwanza ikawaka.

Nilihesabu. Ripita ikipata moto inachukua muda kuamka, kisha inautafuta mnara. Siku nyingine huwa sioni ni muda gani kwa sababu huwa nafyeka nyasi. Taa ya pili ikawaka. Ya tatu ikawa inawakawaka na kuzima, inatafuta.

Kutoka pale juu ninaiona nyumba yetu yote. Niliwaona watu wameshatoka sebuleni. Jeneza lilikuwa mabegani. Nilitoa simu kwa mkono wa kushoto nikampigia baba mdogo.

"Baba mdogo, ngojeni kidogo. Inawaka sasa hivi."

"Tumengoja. Jirani yako amefika hapa na tope, tumengoja tena." Alikuwa anahema. "Wewe uko juu, tazama upande wa Busia. Unaona nini?"

Nilitazama. Mvua ilikuwa imetanda kule, nyeusi, inakuja.

"Naiona."

"Kaburi likijaa maji, mwanangu, tutamzika mama yako kwenye tope?"

"Hapana."

"Basi nimewaambia waendelee taratibu. Nitawazuia kwenye udongo. Zaidi ya hapo siwezi."

"Na uso?"

"Wameshafunga," alisema.

Taa ya tatu iliwaka wakati jeneza linashuka kwa kamba. Nilijua imeshika kwa sababu simu yangu, inayoshika intaneti ya ripita hata pale juu, ilianza kutetemeka mfululizo, ujumbe wa usiku kucha unaingia kwa pamoja. Mwingi ulikuwa wa dada. Sikuufungua. Niliogopa hata kupumua kwa nguvu, mkono wangu ukicheza ripita inazimika na kuanza upya, na muda wa kuanza upya haukuwepo.

Dakika zilizofuata sikusikia neno hata moja. Yaliyotokea chini niliyaona tu. Nilimwona mke wangu anasogea ukingoni mwa kaburi, amenyoosha mkono wenye simu. Nilimwona baba mdogo anainua fimbo yake, na wanaume wenye majembe wakasimama. Watu wote wakatulia. Kwaya ikanyamaza. Upepo wa mvua ulinifikia, ukapita, ukaanza kuvuta nguo za watu kule chini. Kidole changu cha gumba kilikuwa kinaungua kwa yale maji ya betri na sikuweza kubadilisha mkono. Niliwaza: kama hajapatikana, wanangoja nini? Na kama amepatikana, kwa nini ni muda mrefu hivi? Nilitamani mtu ageuke anipungie mkono. Hakuna aliyegeuka. Walikuwa wanamtazama mama.

Kisha mke wangu akainama, akachukua udongo, akatupa. Majembe yakaanza.

Mke wangu aliniambia baadaye jinsi ilivyokuwa. Dada alikuwa amebakiwa na dakika kumi. Picha ilikuja mara moja, ikaganda kwenye mashada ya maua, haikusogea tena. Sauti ilikuwepo. Dada aliuliza, "Mama yuko wapi?" na mke wangu akamwambia ameshashushwa. Akauliza kama uso umefunikwa, akaambiwa ndiyo. Alinyamaza. Ule ndio ukimya nilioutazama kutoka juu. Halafu akasema, na wote walisikia, "Mama, ni mimi. Huku niko mzima. Usiningoje tena." Akamwomba mke wangu amtupie udongo.

Mimi sikujua kama amemaliza, kwa hiyo niliendelea kushika waya. Niliushika mpaka kaburi likawa tuta, mpaka mvua ikafika na watu wakakimbilia turubai. Jirani alinikuta bado nimeushika.

"Achia sasa," alisema. "Yule mzee wa lori amepiga. Foleni nasonga."

Sikupita kaburini. Tulishuka kwa upande wa pili, tukaenda Malaba kwenye mvua. Malori ya mbele yalikuwa yameshasogea na nyuma honi zinalia, na yule dereva amesimama barabarani mikono imeinuliwa, anawatuliza wenzake. Hakunisemesha mpaka alipofunga kibanio cha mwisho.

"Alimwona?" aliuliza.

"Aliongea naye."

Aliitikia kwa kichwa, akapanda, akawasha.

Jumatatu nilimweleza fundi ukweli, kuanzia mshumaa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alisema, "Ungeniambia Ijumaa," basi. Sikufukuzwa. Aliniletea betri na sanduku jipya la chuma lenye kufuli, na ufunguo anakaa nao yeye, mjini.

Dada nilimwambia Ijumaa iliyofuata, kwenye saa yake. Nilikaa mwenyewe kwenye kizingiti cha jiko. Nilimwambia kwamba hakumwona mama kwa sababu mimi nilitoa betri, na kwamba ningeweza kuomba nyingine asubuhi nikadanganya. Sikuweka mvua mbele, wala spika ya kwaya.

Alikuwa anaosha vyombo. Nilisikia maji yanatiririka, halafu yakafungwa.

"Ulitoa ili iweje?"

"Alikuwa kwenye giza."

Nilisikia maji yanafunguliwa tena.

"Ngoja nimalize hivi vyombo," alisema, akakata. Ilikuwa imebaki nusu saa nzima ya saa yake. Hakupiga tena siku hiyo.

Wiki iliyofuata sikujua kama nikae jikoni au niende shamba. Nilikaa. Saa saba na nusu simu iliita. Aliuliza habari za mke wangu na za watoto. Kisha akauliza kama mvua haibomoi kaburi. Nikamwambia udongo umetitia upande wa miguu, na jana yake nilipeleka matoroli mawili nikasawazisha.

"Upande wa kichwa je?"

"Uko sawa."

"Kesho ongeza na upande wa kichwa," alisema.

Kesho yake nikaongeza.